Mji wenu una mji dada? Hivi ndo watu wa kawaida mnaweza kuingia

Habari zenu wadau. Mimi ni mtu wa Mwanza, na Mwanza yetu ina mji rafiki kule Ujerumani unaitwa Würzburg tangu mwaka 1966, yaani nchi ndo kwanza ina miaka mitano ya uhuru na miji hii ilishapeana mikono, lakini ukipita leo Mwaloni au Buzuruga ukauliza utashangaa wangapi hawajui. Mimi mwenyewe nilijua nikiwa mtu mzima. Kwaya yetu ilipata wageni wanne kutoka huko, tumekaa tunakula, mama mmoja kati yao akatoa kwenye mkoba bahasha ya zamani yenye stempu za Tanzania, akasema marehemu mama yake aliandikiana barua na mwalimu mmoja wa huku kwa miaka mingi na hawakuwahi kuonana hata siku moja, lakini alipofariki barua zote zilikutwa kabatini zimefungwa kwa utepe. Akauliza kama kuna mtu anamjua huyo mwalimu. Hatukumpata, tulijitahidi sana, lakini toka siku ile hili jambo limekaa moyoni mwangu na sijaliacha.

Kwa hiyo naandika hapa namna ya kufanya, kwa mtu ambaye si meya, si diwani, hana cheo chochote, ila anatamani mtaa wake au shule yake au kwaya yake iwe na marafiki wa kweli nje ya nchi. Wengine wanaita miji dada, wengine miji rafiki, wengine miji pacha, ni kitu kilekile: miji miwili inasaini kwamba itatembeleana, itajifunza kwa mwenzake, itasaidiana. Wakubwa wanasaini siku moja tu. Baada ya hapo kama hakuna watu wanaojuana kwa majina, anayejua mtoto wa mwenzake yuko darasa la ngapi, ile karatasi inakaa kwenye fremu ukutani na basi.

Anza kwa kujua mji wako umeshaunganishwa na nani

Usianze kutafuta mji mpya kabla hujaangalia kama mnao tayari, maana miji yetu mingi inao. Tanga iko na Eckernförde, mji mdogo wa pwani ya kaskazini mwa Ujerumani, toka 1963, na iko pia na Toledo ya jimbo la Ohio kule Marekani. Dar es Salaam na Hamburg walisaini 2010. Moshi na Tübingen 2014. Jiji la Zanzibar na Potsdam 2017. Arusha ina Durham na Kansas City za Marekani. Sisi Mwanza mbali na Würzburg tuna Tampere ya Finland tangu 1988. Ndugu zetu Wakenya nao wana ya Marekani, Nairobi na Denver toka 1975, Mombasa na Seattle toka 1981, Kisumu iko na Roanoke. Kwa hiyo nenda halmashauri, ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii au afisa utamaduni, mwambie nataka kujua mji wetu una uhusiano na miji gani na nani anashughulikia. Unaweza kuzungushwa kidogo, usikate tamaa, rudi tena.

Wakati huohuo tafuta upande wa pili. Kule kwao mara nyingi mambo hayaendeshwi na ofisi ya meya peke yake, kuna vyama vya urafiki vya raia, wastaafu, walimu, manesi, watu wa kanisani, wanafunzi. Ujerumani watu saba tu wakikubaliana wanaweza kusajili chama, kwa hiyo kila mji una vyama vya kila aina na vingi vina watu ambao wanasubiri kweli mtu wa huku aandike. Tuma imeili fupi kwa ofisi ya jiji lao, ueleze nyinyi ni kina nani, mko wangapi, mnafanya nini kila wiki, mngependa kujuana na kikundi gani cha kwao. Weka picha moja ya watu wenu wakiwa kazini. Usiweke bajeti.

Na hapo kwenye bajeti ndo nataka nikae kidogo.

Mwaka wa kwanza msiongelee hela

Najua hili linauma maana shida zipo, nazijua, naishi nazo. Lakini nimeona urafiki mwingi ukifa hapohapo. Mnaongea mara mbili, mara ya tatu mtu wa kikundi anamtumia mgeni meseji ya pembeni, naomba unisaidie ada ya mtoto, mwingine naye anaomba simu, mwingine mtaji wa genge, na yule mtu kule anajikuta ana meseji kumi na tano anashindwa kulala, anaona aibu kusema hapana, mwishowe ananyamaza kabisa. Wenzake nao wananyamaza. Huku tunabaki tunasema wazungu wana roho mbaya, kumbe tulimgeuza mtu kuwa mashine ya kutolea pesa kabla hajatujua.

Sisi tulikaa kikao tukakubaliana wote na tukaandika kwenye daftari: hakuna mtu kuomba hela kwa mgeni kivyake, na ikitokea shida ya kweli inaletwa kwenye kikundi kwanza sisi wenyewe tuchange. Gharama pekee ya mwaka wa kwanza ilikuwa bando. Na upande wa pili nao tuliwaeleza wazi, tukawaambia jamani msitutumie vitu bila kutuuliza, maana tuliwahi kuletewa makompyuta ya zamani kutoka kwa kikundi kimoja cha nje, nusu yake hayawaki, kuyatoa bandarini kukatumaliza, na hakuna aliyetuuliza kama tunayahitaji. Kusema hapana asante ni haki yenu. Rafiki anayekuheshimu anaelewa.

Baadae mkishajuana, mkitaka kufanya kitu cha pamoja fanyeni, tena vizuri. Pale Mabwepande, Kinondoni, kuna kiwanda cha mboji kilichotokana na huu uhusiano wa Dar na Hamburg, taka za sokoni zinageuzwa mbolea, ni kazi nzuri kabisa. Lakini ile ni kazi ya majiji na wataalamu, nyinyi watu wa mtaani anzeni na kujuana.

Watu wadogo wanaweza kufanya jambo kubwa bila hela ya maana, mfano mmoja huwa nausimulia kila nikipata nafasi. Coventry ni mji wa Uingereza, ulipigwa mabomu na ndege za Wajerumani usiku wa tarehe 14 Novemba 1940, kanisa kuu lao likabomoka. Vita bado inaendelea, wakasikia habari za Stalingrad kule Urusi, mji unaangamizwa nyumba kwa nyumba. Wanawake 830 wa Coventry wakachukua kitambaa cha meza, kila mmoja akatarizi jina lake kwa sindano na uzi, kila mmoja akachanga peni sita, kikatumwa Stalingrad. Hiyo miji ikawa miji dada 1944, na kitambaa kipo mpaka leo kwenye makumbusho kule. Fikiria mama aliyebomolewa nyumba anakaa anatarizi jina lake kwa ajili ya mtu ambaye hatamuona maisha yake yote. Na baada ya vita Coventry hiyohiyo ikafanya udugu na Dresden, mji wa Ujerumani uliopigwa mabomu na ndege za upande wa Uingereza.

Tafuta mtu wa kazi yako

Kosa kubwa ni kusema tunataka urafiki kati ya watu wa Mwanza na watu wa Würzburg. Watu gani? Hakuna anayeweza kuwa rafiki wa mji mzima. Kwaya itafute kwaya, nesi amtafute nesi, zimamoto wawatafute zimamoto, mwalimu wa kemia mwalimu wa kemia, wafuga nyuki na wafuga nyuki. Mkiwa na kazi moja hamkosi cha kuongea hata kama lugha inagoma, nimeona mafundi wawili wakielewana nusu saa nzima kwa kuoneshana vifaa tu kwenye kamera.

Wenzetu wa Rwanda wana mfano mzuri sana wa hili. Toka 1982 Rwanda ina uhusiano na jimbo la Rheinland-Pfalz la Ujerumani, na tangu mwanzo waliupanga uwe wa chini kabisa, shule na shule, kata na kijiji, parokia na parokia, wenyewe Wajerumani wanauita udugu wa mizizi ya nyasi. Ilipotokea mauaji ya kimbari 1994 kila kitu kilivunjika, ofisi, serikali, kila kitu, lakini walikuwepo watu kule wanaowajua watu wa huku kwa majina, na uhusiano ukarudi ukasimama na unaendelea mpaka leo.

Kwetu Mwanza kuna madaktari, maana Würzburg ina taasisi ya afya ya kimisionari toka 1922 na ina hospitali ya chuo kikuu, na watu wao na watu wa Bugando, hospitali yetu kubwa hapa Mwanza, wamefanya kazi pamoja miaka mingi. Halafu Würzburg ndo mji ambao mwanasayansi Röntgen aligundua miali ya eksrei mwaka 1895, kwa hiyo kila mtu aliyewahi kupigwa picha ya mguu au kifua pale Bugando ana kauzi kembamba kanamuunganisha na mji ule, huwa nawaambia hivyo watoto wa shule na macho yanawatoka. Tafuteni uzi wa namna hiyo kwenye mji wenu.

Simu ya kwanza, na balaa la saa

Hii ieleweke vizuri maana sisi ilituvuruga. Wenzetu waliandika tukutane Jumamosi 10:00. Kwenye grupu letu la wasapu katibu akaandika Jumamosi saa kumi. Watu kwa akili zetu saa kumi ni jioni, tukaja tumevaa vizuri, mama mmoja kaja na maandazi, tunapiga hakuna anayepokea. Kumbe wao walishakaa asubuhi wakatusubiri saa nzima wakaondoka wameumia, wakidhani tumewadharau.

Saa zao 10:00 ukiwa ni wakati wao wa joto ni saa tano asubuhi kwetu, na ukiwa wakati wa baridi ni saa sita mchana, kwa sababu wao wanabadilisha saa mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na sisi hatubadilishi. Kwa hiyo andikeni kila tangazo mara mbili: kwa tarakimu saa yao, na kwa maneno saa yetu, saa tano asubuhi, mchana, usiku, andika yote. Kama mji wenu dada uko Marekani ni kazi zaidi, Seattle kwa mfano wako nyuma ya Mombasa masaa kumi au kumi na moja, asubuhi yao ni jioni yenu, huo ndo muda mzuri wa kuongea, wao wanakunywa kahawa nyinyi mmetoka kazini.

Simu zenyewe ziwe fupi. Dakika arobaini. Wiki hii wao wanafundisha kitu, wiki ijayo nyinyi. Sisi tuliwafundisha kusonga ugali, mtu amesimama jikoni kwake Würzburg ana mwiko tuliompelekea, anatokwa jasho, na sisi tunamwambia geuza geuza usiache mabuja, watu walicheka mpaka machozi na toka siku hiyo hakuna aliyekuwa anaona aibu kuongea Kiingereza kibovu. Wao wakatufundisha matonge yao ya viazi. Tuliwafundisha wimbo wa Kisukuma wakatufundisha wa kwao. Angalieni hapo kila upande una cha kutoa, na hilo ndo ninalolijali kuliko yote kwenye hii shughuli, mwaka mzima upande mmoja ukiwa unapokea tu, watu wake wanaanza kuinamisha vichwa wakiongea, nimeliona kwa macho yangu.

Na barua za mkono msiziache. Watoto waandike, wachore. Intaneti inakatika lakini barua inabaki kabatini.

Wakija kwetu

Kama mnaweza, mgeni alale nyumbani kwa mtu, asilale hotelini. Hoteli ni nzuri ila asubuhi hakuna mtoto anayekuja kumuuliza kwa nini macho yake ni ya bluu. Mwenye nyumba asiingie gharama za ajabu kununua sofa mpya, kinachotakiwa ni kitanda safi, neti isiyo na matundu, maji ya kunywa yaliyochemshwa au ya chupa, ndoo na kopo bafuni kama hakuna bomba la mvua na umuoneshe namna ya kuoga, choo umueleze kilivyo kabla hajasafiri. Muulize mapema anakula nini hali nini. Wapo wengi sa hivi hawali nyama kabisa na ukimchinjia kuku atakaa pale anateseka. Na nyinyi mkienda, Waislamu semeni mapema maana soseji zao nyingi ni za nguruwe na mji wenyewe wa Würzburg ni wa wakulima wa zabibu, divai iko kila mahali. Ukisema mapema hakuna anayekasirika.

Mambo ya sheria: mtaarifuni mwenyekiti wa mtaa kwamba kuna mgeni. Mgeni aambiwe asije na mifuko ya plastiki ya kubebea maana Tanzania imepigwa marufuku toka tarehe 1 Juni 2019, Kenya toka 2017, Rwanda wao zamani zaidi, 2008. Na hili ni muhimu sana, mgeni mwenye viza ya matembezi haruhusiwi kufanya kazi hata ya kujitolea bila kibali, kwa hiyo kama kuna nesi anataka kushika wagonjwa au mwalimu anataka kuingia darasani afuatilie Uhamiaji mapema, msije mkaharibu ugeni kwa jambo la karatasi.

Halafu kuna ule msemo wetu wa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ufuateni. Siku ya kwanza na ya pili mpumzisheni, msalimieni, mpeni sato mbichi aliyetoka ziwani. Siku ya tatu aende sokoni na mama, abebe kapu, achambue mchele, akoshe vyombo. Wageni wetu wote ukiwauliza walikumbuka nini, hawataji hotuba wala mapokezi, wanataja hiyo siku ya tatu. Baadae wapelekeni Bujora pale Kisesa wakaone makumbusho ya Wasukuma na ngoma, na kama wamekuja wakati wa mashindano ya ngoma basi wana bahati, wanaocheza na nyoka wakiwemo.

Sisi tukienda

Hapa ndo pazito na sitaki kuwadanganya. Wao wanakuja kwetu kirahisi, wanaomba viza kwenye simu wanalipa wanapanda ndege. Sisi kwenda ni kazi. Viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Ujerumani ikiwemo, ada yake toka Juni 2024 ni yuro 90 kwa mtu mzima na hairudi hata ukinyimwa, lazima uwe na bima ya safari ya yuro 30,000 kwenda juu, na kwa mtu wa Mwanza anayeenda Ujerumani lazima asafiri zaidi ya kilomita 1,000 mpaka Dar kuweka alama za vidole. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, ombeni mapema kabisa, msingoje wiki tatu za mwisho.

Ambatanisha vitu vinavyoonesha utarudi: barua ya mwajiri au leseni ya biashara, taarifa ya benki, vyeti vya watoto na ndoa kama vipo, hati ya kiwanja kama unayo. Mwenyeji wako Ujerumani anaweza kwenda ofisi ya uhamiaji ya mji wake akasaini hati ya kwamba atakugharamia, iombeni hiyo, ina uzito. Barua ya halmashauri yenu na barua ya jiji lao zinazosema huu ni ugeni wa miji rafiki, weka zote mbili. Mkiomba kama kikundi, ombeni pamoja na barua moja yenye majina yote.

Na bado mtu anaweza kunyimwa. Kijana wetu mmoja wa sauti ya kwanza ya wanaume, mpole, fundi cherehani, alishashona suti yake mwenyewe ya safari, ubalozi mmoja ukamnyima, sababu iliyoandikwa ni kwamba hawakuridhika kama atarudi. Ana duka, ana mama anayemtunza. Ile siku ilituumiza sana na mpaka leo naona haikuwa haki. Familia iliyokuwa imemuandalia kitanda ikamuandikia barua ya kurasa nne, wakampigia picha chumba ambacho angelala, na mwaka uliofuata baba na mama wa ile familia wakaja wao Mwanza kumuona, wamefikia kwake. Anawashonea nguo mpaka leo. Ndo maana nasema upande wa pili lazima ujue hizi shida, waambieni, wengi hawajui kabisa kwamba mwenzao ananyimwa, na wakijua wanaandika barua, wanamsumbua meya wao, wanamsumbua mbunge wao.

Kanuni yetu nyingine: aliyesafiri safari hii hasafiri ijayo. Mwenyekiti asiwe kila mwaka yeye, safari zikiliwa na viongozi wanachama wanaondoka mmoja mmoja bila kuaga.

Zawadi za kubeba: nyama na vitu vya maziwa kutoka huku haviruhusiwi kuingia nchi za Umoja wa Ulaya, vitaishia kwenye pipa uwanja wa ndege. Samaki wanaruhusiwa, hadi kilo 20 kwa matumizi yako, kwa hiyo dagaa wakavu beba ila funga mara tatu kwa ajili ya harufu. Nanasi, ndizi, nazi na tende zinapita, matunda mengine na mimea inataka cheti. Magamba ya kobe, matumbawe, pembe, usiguse. Khanga usikose na uwaeleze maandishi yake yana maana gani, watu wanapenda sana kujua jina la khanga yao.

Yale mambo mazito msiyakimbie

Mgeni wa Kijerumani akifika Mwanza kitu cha kwanza anataka kupiga picha ni lile jiwe la ziwani, na lile jiwe linaitwa Jiwe la Bismarck. Mtoto wetu mmoja aliuliza mbele yao, Bismarck ni nani? Kukawa kimya. Mgeni mmoja akaanza kusema ni jina la zamani tu, akaacha katikati. Mzee wetu wa kwaya akaeleza taratibu, kwamba ni yule kiongozi wa Wajerumani aliyeita mkutano wa Berlin wa 1884 mpaka 1885 Afrika ikagawanywa, na Wajerumani wakaja hapa wakajenga boma, na kusini kule vita ya Maji Maji 1905 mpaka 1907 watu walikufa kwa risasi na wengi zaidi kwa njaa baada ya mashamba kuchomwa. Hakupaza sauti. Wale wageni wengine walikuwa hawajawahi kufundishwa hayo shuleni, mmoja alilia.

Nawashauri muyaongee, ila msiyaongee siku ya kwanza na msiyaongee kama mashtaka kwa mtu aliyezaliwa juzi. Chagueni mzee anayejua historia, kaeni chini, acheni na wao waulize. Rais wao Steinmeier mwenyewe alienda Songea tarehe 1 Novemba 2023 akaomba msamaha, kwa hiyo mlango umefunguliwa, hakuna sababu ya sisi wa chini kuogopa. Usiku ule baada ya mazungumzo watu walikaa mpaka saa saba, na kama ukiniuliza urafiki wetu ulianza lini, nakwambia ulianza pale kwenye lile swali la mtoto.

Nao wana yao. Würzburg ilipigwa mabomu tarehe 16 Machi 1945, kama dakika ishirini hivi, na karibu mji wote wa kati ukaisha, watu kama 5,000 wakafa. Muulizeni mgeni wenu bibi yake alikuwa wapi usiku huo.

Isife viongozi wakibadilika

Meya anaondoka, mkurugenzi anahamishwa, afisa aliyekuwa anawajua anapelekwa mkoa mwingine. Sajilini kikundi chenu halmashauri kupitia maendeleo ya jamii, muwe na daftari lenye majina na namba za pande zote mbili, nakala iwe kwa watu watatu tofauti, maana sisi tuliwahi kupoteza simu ya katibu na miezi minne ikapita hatuna mawasiliano. Ingizeni vijana mapema, wapeni kazi ya kweli ya kuandika barua na kupanga simu.

Na muwe na kalenda ya pamoja, hii nimeiacha mwisho ila kwangu ndo tamu kuliko zote. Andikeni siku zao kubwa na siku zenu kubwa, za furaha na za msiba. Würzburg kila tarehe 16 Machi usiku kengele za makanisa zinapigwa karibu dakika ishirini, kuanzia kama saa tatu na dakika ishirini yao, ambayo ni saa tano na dakika ishirini usiku kwetu. Sisi tunakesha. Mmoja wao anaweka simu dirishani na sisi huku tunasikiliza kwenye grupu, hakuna anayeongea, mpaka kengele ya mwisho inyamaze. Na tarehe 21 Mei, siku meli ya MV Bukoba ilipozama mwaka 1996, sisi tunaenda makaburini Igoma asubuhi, tunabeba simu, na wao wanakuwa hewani wanatusubiri tufike.